Siku Nilipoyafuata Maji ya Cairo

Mtaani walinijua kwa spana. Mimi ni mtu wa maji, Mwanza. Nilianza kwa kusoma mita, nikapandishwa hadi kusimamia wasomaji wa kanda nzima, na hata baada ya kupewa meza ofisini niliendelea kutoka na vijana wangu kila mwisho wa mwezi kwenda kukata. Mwenye deni la muda mrefu anakatiwa. Ndiyo kanuni, na bila kanuni hiyo pampu hazina umeme na maji hayana dawa. Naielewa na ninaitetea mpaka leo. Lakini mtu anaweza kuitetea kazi yake na bado ikamchosha roho. Kule Igogo na Mabatini nyumba zimekaa juu ya majabali, ziwa lote liko chini linang'aa, na kina mama wanapanda ngazi za mawe na ndoo kichwani. Wewe unafika na spana. Watoto wanakimbilia ndani wakipiga kelele, "Mama, watu wa maji wamekuja!" Kelele hiyo nilikuwa nalala nayo.

Nilipofikisha miaka 55, umri ambao mtumishi anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, barua nilikuwa nimeshaiandika. Ilikaa kwenye droo, imebaki tarehe tu. Sikuwa na ugomvi na mtu yeyote kazini. Nilitaka kufuga kuku, niamke asubuhi bila kufikiria koki ya mtu.

Ninachotaka kukishuhudia hapa ni namna nia hiyo ilivyogeuka Cairo, kwa siku moja, nikiwa na kijana mmoja wa Kimisri aliyekuwa akinitembeza peke yangu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kikazi: mafunzo mafupi ya watu wa maji kutoka nchi za bonde la Nile. Tulipewa siku ya mapumziko, wenzangu wakakodi basi dogo kwenda Giza kwenye piramidi. Mimi ni Mkatoliki, na tangu utotoni nilikuwa na hamu ya kuona mahali ambapo wenyeji wanasema Familia Takatifu ilijificha wakati wa Herode. Nikaomba hotelini nitafutiwe mtu wa kunitembeza siku nzima, na gari. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya nafasi ndani ya basi, na dada mmoja wa msafara wetu aliniambia waziwazi kwamba natupa posho. Nikalipa.

Kijana alikuja na leseni yake ikining'inia shingoni, akaniamkia, "Shikamoo, mama." Alikuwa amesoma Kiswahili Al-Azhar, ambako lugha yetu inafundishwa. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kimenyooka, na kilinipendeza sana. Alikuwa na ratiba iliyochapwa: ngome ya Salah al-Din, makanisa ya Cairo ya kale, soko la Khan el-Khalili. Kabla dereva hajawasha gari akaniuliza, "Mama, nyumbani unafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Akaitazama ratiba, akaikunja.

"Kama utaridhia, kanisani tutafika, lakini masultani tuwaache kidogo. Nitakuonesha maji yalikuwa yakiingiaje mjini."

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya kutembezwa peke yako. Watu wengi huiona kama starehe ya wenye fedha, na kweli ni ghali. Lakini ndani ya basi la watu 40 hakuna anayeuliza kazi yako, wala hakuna njia inayobadilishwa kwa ajili yako. Mji wenye zaidi ya miaka 1,000 una njia nyingi mno. Hata ungepewa mwezi usingezimaliza. Anayekutembeza akikujua, atakuchagulia moja na kuifuata mpaka mwisho.

Tukaanza kisiwa cha Roda, kilicho katikati ya mto, ndani ya jiji. Kwenye ncha yake ya kusini kuna jengo dogo lenye paa lililochongoka. Ukiingia unakuta shimo kubwa la mraba limejengwa kwa mawe, ngazi zinazunguka kuta mpaka chini kabisa, na katikati imesimama nguzo ya marumaru yenye pembe nane. Nguzo hiyo imechongwa alama kwa alama. Kuta zina aya za Kurani zinazotaja maji na mimea. Kijana akanyamaza aniache nitazame, lakini sikuhitaji kuelezwa. Ile ilikuwa mita.

Ilijengwa mwaka 861, zama za Khalifa al-Mutawakkil wa ukoo wa Abbasi, na kwa karne nyingi Misri yote iliishi kwa kipimo chake. Alama zile ni za dhiraa, kila moja zaidi kidogo ya nusu mita. Mto ulipoanza kujaa wakati wa kiangazi cha huko, msimamizi alishuka ngazi kusoma. Chini kuna mifereji mitatu, kila mmoja kwa kimo chake, iliyoleta maji ya mto shimoni. Kijana aliniambia habari za mifereji, nami nikamweleza faida ya shimo lenyewe, kwa sababu jambo hilo nalifahamu. Mtoni maji yanacheza, mawimbi yanapanda na kushuka, huwezi kusoma. Ukiyaingiza shimoni kwa mfereji mwembamba yanatulia. Mpaka leo kina cha mto na ziwa hupimwa kwa njia hiyohiyo, na kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1890. Akatoa daftari mfukoni akaandika. Nilishuka vidato kadhaa, nimeshika ukuta, nikaitazama nguzo kutoka chini kwenda juu, na nikawafikiria wasomaji wote walioshuka ngazi zile kabla yangu, alfajiri baada ya alfajiri, kutafuta tarakimu moja.

Tarakimu hiyo iliamua mambo makubwa. Dhiraa 16 ndiyo iliyosubiriwa. Mto ukifika hapo, mashamba yatanywa, na ndipo kodi ya ardhi ya mwaka ilipodaiwa. Usipofika, njaa; ukipita mno, mafuriko yanabeba vijiji. Siku ya dhiraa 16 ilikuwa sikukuu: walikata tuta la udongo lililoziba mfereji mkuu wa mji, maji yakaingia Cairo, watu wakasherehekea wakiwa kwenye mashua. Mfereji huo ulifukiwa mwishoni mwa karne ya 19, na juu yake sasa ni barabara tuliyopita jioni ile tukiwa kwenye foleni.

Halafu akanisimulia habari ya mpiga mbiu wa Nile. Mwingereza Edward William Lane, aliyeishi Cairo miaka ya 1820 na 1830, alimweleza vizuri: kila siku wakati mto unajaa, mtu huyo alipita mitaani, mlango kwa mlango, na mtoto wa kumwitikia, akitangaza maji yamepanda kiasi gani na kuiombea baraka kila nyumba. Lane aliandika pia kwamba dhiraa 16 zilizotangazwa hazikuwa sawa na kipimo halisi cha nguzo. Hilo halikunishangaza, kwani palipo na kodi patakuwa na mkono wa kusukuma tarakimu. Ila kilichonigusa ni yule mtu na mtoto wake. Mtu wa maji anakuja mlangoni, ndani wanasikia sauti yake, na wanatoka kwa furaha kumpokea.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Kijana hakuuliza kitu. Akaenda kuzungumza na mlinzi mpaka niliponyanyuka.

Nikamuuliza kama maji yale yalikuwa ya kwetu, ya Ziwa Victoria. Nilitarajia aseme ndiyo ili nifurahi. Akaniambia ukweli. Mafuriko yaliyopimwa pale yalitoka Ethiopia, kwenye mvua za milimani, kupitia Nile ya Buluu. Maji ya ziwa letu yanapita kwanza kwenye vinamasi vikubwa vya Sudan Kusini, na karibu nusu yanapotelea hewani humo. "Lakini mama," akasema, "mvua ya Ethiopia ilipokwisha, miezi ya ukame, mto haukukauka. Hayo yalikuwa maji yenu." Mto ulijazwa na Ethiopia na kuwekwa hai na maziwa. Siku hizi shimo la Roda ni kavu. Bwawa kubwa la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, liliyakomesha mafuriko ya kila mwaka na nguzo ikabaki haina cha kusoma.

Kutoka hapo tuliufuata mfereji wa juu ya matao, unaokwenda kutoka mtoni hadi ile ngome ya Salah al-Din. Ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na baadaye Sultani al-Ghuri akaurefusha mwanzoni mwa karne ya 16. Mwanzo wake ni mnara mkubwa wenye pembe sita, ambako ng'ombe walizungusha magurudumu kupandisha maji. Ni kazi kubwa ya kihandisi, na nimeipiga picha nyingi, lakini maji yale yalikuwa ya watawala waliokaa kilimani. Hatukukawia. Kanisa la Mtakatifu Sergio nililiona pia, nikashuka kwenye pango lake, nikakuta kumbe hata hapo kuna kisima, wanachosema Familia Takatifu ilikunywa. Nikasali Salamu Maria kwa ajili ya mama yangu. Tukala koshari kwa haraka, wali na dengu na tambi pamoja, tukaelekea mji wa kale wa watawala wa Kifatimi.

Mji huo ulianzishwa mwaka 969, na lango lake la kusini, Bab Zuweila, lililojengwa mwaka 1092, bado limesimama na minara miwili juu yake. Ukiingia langoni, hatua chache tu mbele, upo uso wa jengo uliotuna kuelekea barabarani, una madirisha matatu yenye nondo za shaba zilizofumwa kwa maua. Maelfu ya watu wanapita hapo kununua nguo na viatu. Nami ningepita.

"Hii ni sabili," akasema. Nyumba ya kugawa maji bure.

Cairo ilikuwa nazo nyingi sana. Chini ya sakafu kuna tangi kubwa lililochimbwa ardhini. Mto ulipojaa, ngamia na punda waliyaleta maji kwa viriba, tangi likajazwa kwa mwaka mzima. Juu yake, chumba cha kugawia: maji yanavutwa kwa ndoo, yanateremshwa juu ya bamba la marumaru lililoinama ili yapoe, yanafika dirishani, na mpita njia anaingiza mkono kati ya nondo na kupokea kikombe kilichofungwa kwa mnyororo. Ghorofani watoto, wengi wao yatima, walisoma Kurani. Maji chini na elimu juu, ndani ya jengo moja.

Hii ya Bab Zuweila ilijengwa mwaka 1796 na mwanamke, Nafisa al-Bayda. Alikuwa mtumwa aliyepewa uhuru. Aliolewa na Ali Bey al-Kabir, na baada ya kifo chake akaolewa na Murad Bey, mmoja wa mabwana wawili wa Kimamluki waliokuwa wakitawala Misri Napoleon alipoingia mwaka 1798. Kwa biashara zake mwenyewe alikuwa tajiri. Nikamuuliza kijana swali la mtu wa maji: nani alilipa? Kwa sababu maji ya bure hayapo. Kuna anayelipa ngamia, anayelipa mchotaji, anayelipa fundi wa kusafisha tangi. Akanigeuza nitazame majengo ya jirani. Nafisa alimiliki hapohapo nyumba ya wafanyabiashara yenye maghala, vyumba vya kupangisha na mabafu ya umma, akaviweka wakfu. Kodi ya wapangaji ndiyo iliyolipia kikombe cha mpita njia. Aliyekunywa hakuona bili, lakini bili ilikuwapo na ililipwa.

Hati za wakfu za sabili za Cairo, akaniambia, ziliandika mpaka sifa za mhudumu wa dirishani: awe mzima wa afya, msafi wa mwili na wa nguo, awe mpole kwa wanaokuja kunywa. Saa za kufungua ziliandikwa pia, na Ramadhani sabili ilifunguliwa usiku. Nimesoma miongozo mingi ya huduma kwa wateja. Sikuwahi kuona upole ukiwekwa kwenye hati pamoja na mshahara.

Nilisogea dirishani. Kwenye kizingiti cha marumaru, pale ambapo kikombe kilirudishwa, jiwe limelika, limekuwa laini na limebonyea kidogo. Nikaweka kiganja hapo. Shaba ya nondo ilikuwa nyeusi juu, ila kwenye kimo cha mkono wa mtu ilikuwa na rangi ya dhahabu. Kijana alinisubiri. Tungekuwa na kundi, mtu wa mbele angekuwa ameshainua bendera yake twende.

Sabili zilianza kufa nusu ya pili ya karne ya 19, kampuni ya maji ilipoanza kuyapeleka majumbani kwa bomba, na wabeba viriba wakakosa kazi pamoja nazo. Mwandishi wa Kimisri Yusuf al-Sibai aliandika riwaya kuhusu mmoja wao, mwaka 1952, na baadaye ikafanywa filamu. Mimi ni wa upande wa bomba. Najua bomba limeokoa watoto wangapi na kipindupindu, na sitamani siku za kiriba zirudi. Lakini nilipokuwa nikisikitika, kijana akacheka, akanishika mkono kunivusha barabara.

"Hazijafa, mama. Tazama."

Nje ya duka la vitambaa kulikuwa na mashine ya kupozea maji, sanduku la bati lisilo na urembo, na kikombe cha plastiki kwenye kamba. Juu yake pamebandikwa karatasi yenye jina la marehemu na ombi la kumsomea Fatiha. Siku nzima nilikuwa nimepita mashine kama hizo na mitungi ya udongo bila kuziona, na tangu dakika ile niliziona kila kona. Wafiwa wanaziweka, kijana akaeleza, ni sadaka inayoendelea: kila anayekunywa, thawabu inamfikia aliyefariki. Mwenye duka, mzee wa makamo, alituona tunatazama akatujazia kikombe. Maji yalikuwa baridi mpaka meno yaliuma. Nikamuuliza, kijana akitafsiri, nani analipa umeme na maji. Akajigusa kifua. Mashine ni ya marehemu baba yake. Akasema katika maisha yake ya biashara amewahi kukosa kodi ya duka, lakini bili ya maji yale hajaikosa.

Jioni, kijana aliponishusha hotelini, nilimpa bakshishi nzuri kuliko niliyokuwa nimepanga, na nikamwambia amenifanyia jambo ambalo hawezi kulijua. Akanijibu kwamba amepata la kuwaambia wageni kuhusu shimo la Roda.

Barua ya kustaafu sikuipeleka. Bado niko kazini, bado tunakata maji ya wadaiwa sugu, na sitasema kwamba siku ya kukata imekuwa rahisi. Kilichobadilika ni namna tunavyofika mlangoni. Vijana wangu sasa hawasomi mita wakiwa wamegeuza mgongo na kuondoka. Wanabisha hodi, wanamwita mwenye nyumba, wanasoma tarakimu kwa sauti mbele yake, na anaandika mwenyewe kwenye kadi yake. Ugomvi wa bili umepungua, kwa sababu mtu hagombani sana na tarakimu aliyoiandika kwa mkono wake. Mwenye deni tunamfuata mapema, kabla ya spana, tunapanga naye alipe kidogo kidogo. Utaratibu huo ulikuwapo siku zote, ila nilikuwa nimechoka mno kuutumia. Nikipokea kijana mpya, namwambia habari za mpiga mbiu wa Nile kabla sijampa namba za mita.

Na nyumbani kwangu, kwenye ukuta wa nje unaotazama barabara, nimeweka bomba la kunywea. Lina mita yake, nimeliombea kibali kama mteja mwingine yeyote, na ninalilipia kwa bei ileile. Nina fremu mbili za duka pembeni ya nyumba. Kodi ya moja nimeitenga, haiingii kwenye matumizi yangu wala ya wanangu, na wanangu wamekubali kwa maandishi iendelee hivyo nikiondoka. Juu ya bomba nimeandika jina la mama yangu. Mpangaji wa fremu hiyo, binti anayeuza vocha na madaftari, analisafisha asubuhi na jioni na ninamlipa kwa kazi hiyo. Wanafunzi wanaotoka shule, waendesha bodaboda, kina mama wanaotoka mwaloni na dagaa, wote wanasimama hapo.

Mzee mmoja wa Mabatini, Mwislamu, alinywa siku moja akauliza jina lile ni la nani. Sasa anataka bomba la namna hiyo kwake kwa ajili ya marehemu mkewe, juu kabisa, ambako mchana presha haifiki. Tumekwenda kupima. Atahitaji tenki la lita 1,000 litakalojaa usiku, valvu ya boya ya kulifunga likijaa, na chumba kimoja cha kupangisha ambacho kodi yake hataigusa. Chumba anacho. Tunatafuta fundi.